Sikio Lililokunjwa: Paka wa Uskoti na Maumivu Yasiyosemwa

Nilipokuwa masomoni Uskoti kwa ajili ya ubingwa wa mifupa ya watoto, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyefuga paka wa kijivu. Masikio ya paka yule yalikunjika kwa mbele na kulala juu ya kichwa kama kofia, na kwa macho yake makubwa ya mviringo ungedhani ni bundi. Bibi alimsifu mno kwa upole wake: hakurukia meza, hakukwea mapazia, alikaa tu karibu na moto. Kwa miezi kadhaa nami niliamini hivyo. Kisha asubuhi moja, nikinywa chai, nilimwona akishuka kitini. Alisita, akatanguliza mguu mmoja, akasita tena, akajitupa. Alipotua alikwenda hatua tatu kwa miguu ya nyuma iliyokakamaa, kisha akaketi. Mwendo ule niliujua. Nilikuwa nikiuona kila juma kliniki, kwa watoto wenye viungo vinavyouma.

Nilimweleza bibi nilichokiona, naye akampeleka kwa daktari wa wanyama. Picha za eksirei zilionyesha viungo vya miguu ya nyuma vilivyoharibika na mifupa iliyoota mahali isipostahili. Mimi si daktari wa mifugo, lakini kisa cha paka huyu kinagusa kazi yetu sote tunaohudumia wagonjwa, na kinawagusa pia wale wanaoishi na maradhi ya kurithi.

Alikotoka

Paka wa aina hii huitwa Scottish Fold, yaani “mkunjo wa Uskoti”. Mwaka 1961, katika shamba lililo karibu na mji wa Coupar Angus, jimboni Perthshire, mchunga kondoo aitwaye William Ross aliona paka jike mweupe mwenye masikio yaliyokunjika. Paka huyo aliitwa Susie. Alipozaa, baadhi ya watoto wake walikuwa na masikio kama yake, na Ross akachukua mmoja wao. Wazao wake walichanganywa na paka wa Kiingereza wenye manyoya mafupi, na hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyoanza. Kila paka wa aina hii aliyepo leo asili yake ni jike yule wa shambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama kikuu cha kusajili paka nchini Uingereza kilikataa kuendelea kuwaandikisha, kwa hofu ya maradhi ya masikio na uziwi. Wakati huohuo baadhi yao walikuwa wamekwisha pelekwa Marekani, ambako walipendwa sana na kuzalishwa kwa wingi. Hofu ile ya masikio ilikuwa ndogo kuliko tatizo lenyewe.

Kinachotokea mwilini

Sikio la paka husimama kwa sababu ya gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbuka ambayo nasi tunayo puani na masikioni. Mtoto wa paka huyu huzaliwa na masikio yaliyonyooka kama paka wengine. Inapofika wiki ya tatu au ya nne, gegedu hushindwa kulibeba sikio, nalo huanguka mbele. Hapo ndipo mnunuzi hufurahi.

Lakini gegedu haiko masikioni tu. Hufunika ncha za mifupa katika kila kiungo, na ndiyo chanzo cha ukuaji wa mifupa mirefu. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba mkunjo huu unatokana na badiliko moja katika jeni iitwayo TRPV4. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyo kama mlango wa kupitishia kalsiamu ndani ya seli, zikiwemo seli zinazojenga gegedu. Mlango ukiwa na hitilafu, gegedu hukua vibaya kila mahali. Mkia huwa mfupi, mnene na mgumu. Vidole hukua vifupi. Vifundo vya miguu ya nyuma huvimba, na baada ya muda mifupa huungana na kiungo kikagoma kukunjika. Sikio, basi, ni dalili tu, na ndiyo inayoonekana kwa macho.

Urithi wake ni rahisi kuueleza. Nakala moja ya jeni yenye badiliko, kutoka kwa baba au mama, inatosha kukunja sikio. Mzazi mmoja akiwa na nakala moja na mwenzake hana, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, hupata nakala mbili, na hao huumia mapema na vibaya, pengine wakiwa na umri wa miezi michache. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi huchanganya mwenye mkunjo na asiye nao, wakiamini wamelimaliza tatizo. La hasha. Wenye nakala moja pia huugua. Wengine huchechemea wangali wachanga, wengine hukaa miaka mingi kabla dalili hazijaonekana.

Namna ya kumtunza

Kwa aliye naye tayari, hakuna dawa ya kuondoa chanzo, ila maumivu yanaweza kupunguzwa sana.

Kwanza, mtazame anavyokwenda. Paka huficha maumivu. Akiacha kuruka, akichagua kulala kuliko kucheza, akikasirika anapoguswa mkia au kiuno, au akiacha kujilamba mgongoni, mpeleke kwa daktari wa wanyama apigwe picha.

Pili, mpunguzie kazi. Mwekee ngazi ndogo ya kufikia kiti au dirisha, kitanda laini mahali penye joto, na chombo cha haja chenye ukingo mfupi. Usimruhusu anenepe, kwa maana kila gramu hubebwa na viungo vilevile vinavyouma. Asiyekwaruza hazimaliziki kucha. Mkate kabla hazijapinda na kuchoma nyayo. Usimvute mkia kamwe.

Tatu, chungulia masikio yake kila wiki. Uchafu mweusi, harufu au kujikuna mara kwa mara vinaweza kuwa ishara ya utitiri au maambukizi. Usiingize njiti ndani.

Nne, na hili nawasisitizia wahudumu wenzangu ambao majirani huwaomba ushauri: usimpe paka yeyote parasetamoli. Ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Damu hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari kwake. Zipo dawa za kutuliza maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, na kipimo chake hutolewa na daktari wa wanyama.

Kwa wanaoishi na maradhi ya kurithi

Jeni ya TRPV4 nasi tunayo. Mabadiliko yake kwa binadamu husababisha maradhi adimu: mengine huathiri ukuaji wa uti wa mgongo na viungo, mengine hudhoofisha neva na misuli. Hivyo utafiti uliofanywa kwa paka unaweza kutufunza kuhusu watoto tunaowatibu.

Hata hivyo naomba msomaji mwenye maradhi kama haya asinielewe vibaya. Mtu mwenye ugonjwa wa kurithi hupewa ushauri, hupima mwenyewe, na uamuzi wa kuzaa ni wake. Thamani yake haipungui kwa sababu ya jeni. Paka hakuulizwa. Sisi ndio tuliochagua maradhi yake na kuyazalisha upya kizazi baada ya kizazi kwa kuwa yanatupendeza machoni. Uholanzi ilikwisha kataza kuwazalisha, na tangu tarehe 1 Januari 2026 hairuhusiwi kuanza kumfuga mmoja wao. Walio na wamiliki tangu awali huachwa waishi salama. Naona sheria hiyo ni ya haki. Anayempenda paka huyu amtunze aliye naye, amhasi, wala asinunue mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule wa kijivu hakuficha kwa hiari. Sisi ndio hatukutazama. Alipoanza kutibiwa, bibi aliniambia kwa mshangao kwamba paka wake amekuwa mtundu: amepanda mezani na kumwaga maziwa. Alikuwa akilalamika, lakini machozi ya furaha yalimlengalenga.