Gharama za Matibabu Baada ya Ajali: Dhima ya Mwenye Biashara katika Machimbo ya Tabaka

Katika vilima vya Tabaka, upande wa Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, yapo machimbo ya lile jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni, ambalo wanunuzi wa ng'ambo wamelizoea kwa jina la jiwe la Kisii. Na kwa vizazi kadhaa aila nzima nzima zimepata riziki kwa jiwe hilo, wanaume wakilichimba kwa sururu na mtalimbo na kulichonga kwa panga, patasi na kisu, wanawake wakilipiga msasa kwa maji mpaka likalainika na kung'aa, hata kazi ya mchongaji Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huku, ikasimamishwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Lakini kuta za machimbo hukatwa wima bila nguzo, na mvua kubwa ziingiapo udongo ulio juu ya mwamba hulegea na kuporomoka. Panga huteleza juu ya jiwe lililolowa likamkata mtu kiganja. Na katika karakana zilizoingiza grainda za umeme kipande huruka kikampiga mtu jichoni. Ajali, kwa hiyo, si jambo la nadra katika kazi hii, na kila itokeapo huleta suali ambalo aghalabu halijibiwi: gharama za hospitali ni juu ya nani?

Ada iliyozoeleka ni kwamba majeruhi hukimbizwa katika hospitali ya misheni iliyopo papo hapo Tabaka, au ikibidi katika hospitali ya rufaa mjini Kisii, na kabla jeraha halijafunga jamaa zake huwa wamekwisha kuitisha mchango, ndugu na majirani na waumini wenziwe wakitoa kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na mwenye machimbo naye akatoa noti zake mbili tatu mbele ya watu na kushukuriwa kwa ukarimu. Wema huo wa majirani nausifu kwa moyo wote, maana umeokoa roho nyingi. Ninalolisikitikia ni kwamba ndani ya mchango huo hupotea haki ya mtu, kwa kuwa yule ambaye sheria imemtwika gharama huhesabiwa miongoni mwa wafadhili, na yule anayedai chake hupewa sura ya mwombaji; na familia iliyouza ng'ombe ili kulipia upasuaji haipati kujua kamwe kwamba palikuwa na mtu aliyepaswa kulipa tangu siku ya kwanza.

Jambo la awali la kuchunguza, kabla ya kuuliza ni nani aliyefanya taksiri, ni hili: majeruhi alikuwa nani kwa biashara ile? Sheria ya Kenya haiwatendei sawasawa mtu aliyeajiriwa, mgeni aliyekuja kununua sanamu, na mchimbaji anayejichimbia mwenyewe na kuuza vipande kwa ampendaye. Kila mmoja ana mlango wake, na anayebisha mlango usio wake hurudishwa mikono mitupu baada ya kupoteza miezi. Na hapa ndipo ugumu wa Tabaka ulipo, maana wengi wafanyao kazi katika karakana hawana hata karatasi moja ya kuajiriwa. Huyu huja asubuhi akapewa mawe ya kuchonga na kulipwa kwa kila sanamu, yule hupiga msasa kwa ujira wa kipande, na mwingine ni kibarua wa siku. Na wakiumia huambiwa kwamba wao hawakuajiriwa na mtu, walikuwa wakijitafutia tu.

Kauli hiyo isipokelewe bila kupimwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo kama inavyotambua ule wa maandishi, inaitaja kazi ya kulipwa kwa kipande kuwa ni namna mojawapo ya kazi, na wajibu wa kuuandika mkataba imeuweka juu ya mwajiri, wala haikuuweka juu ya kibarua. Hakimu ama afisa wa kazi atakayeisikiliza kadhia hii atatazama hali yenyewe ilivyokuwa: nani aliyekuwa akisema kazi ianze saa ngapi na sanamu ziwe za umbo gani, nani mwenye zana na mwenye jiwe, nani aliyekuwa akipata hasara jiwe likipasuka, na je, mfanyakazi aliweza kumpelekea kazi mtu mwingine akitaka. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo ya kila Jumamosi, daftari la msimamizi lenye idadi ya sanamu, ushahidi wa wenzake waliokuwa wakiketi naye chini ya banda lile lile, vyote hivyo vina uzito mbele ya mwamuzi.

Ikithibiti kwamba alikuwa mwajiriwa, basi mlango wake ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008. Ili mtu auelewe uzito wa sheria hii yafaa ajue ilikotoka. Mwaka 1837 huko Uingereza, mtumishi mmoja wa mwuza nyama, aliyevunjika paja kwa sababu gari la bwana wake lilipakiwa mzigo kupita kiasi, alinyang'anywa na majaji fidia aliyokwisha kupewa na baraza la wazee wa mahakama, kwa hoja kwamba mtumishi akiijua hatari na kuendelea na kazi amejitakia mwenyewe. Na hukumu hiyo ikawafungia mlango wafanyakazi wa viwanda na migodi kwa muda mrefu. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa kanuni mpya kabisa, kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini alipwe bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri, maadamu faida ya kazi ni ya mwajiri na hatari yake ni sehemu ya kazi ile ile. Wanazuoni wa fikihi walikuwa na kanuni iliyo karibu na hiyo tangu kale, ya kwamba mwenye kula faida ya kitu ndiye abebaye hasara yake, na Waturuki wa dola ya Uthmaniya waliiandika katika Majalla, yaani mkusanyo wa sheria zao, katika karne ya kumi na tisa.

Kenya ilirithi kanuni ya Kiingereza katika Sura ya 236 ya sheria zake, kisha ikaibadilisha kwa sheria ya 2007. Chama cha Mawakili kilipinga baadhi ya vifungu vyake, hasa kile kinachomzuia mfanyakazi kwenda mahakamani moja kwa moja. Mahakama Kuu ikavibatilisha mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikakata shauri tarehe 3 Desemba 2019 kwa kuithibitisha sheria. Natija yake kwa mtu wa Tabaka ni kwamba dai la mwajiriwa aliyeumia huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani kwa maafisa wake walioko katika kaunti. Asiyeridhika na uamuzi humpelekea Mkurugenzi pingamizi katika muda wa siku 60, na kutoka hapo rufani huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Sheria hiyo inamwajibisha mwajiri kulipa gharama za matibabu zilizo za haki: daktari, upasuaji na kulazwa hospitali, uuguzi, dawa, viungo vya bandia kama mtu amekatwa mkono au mguu, na hata nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya matibabu. Fauka ya hayo, aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi ana haki ya malipo badala ya ujira wake, kwa muda usiopita miezi 12. Na ulemavu wa kudumu una hesabu yake, inayopimwa kwa mapato ya miezi 96. Kila mwajiri amelazimishwa kukata bima kwa ajili ya haya, na kutokuwa na bima hakumwondolei deni.

Ama utaratibu wenyewe, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, lakini una nyakati zake. Majeruhi, au mtu kwa niaba yake, amjulishe mwajiri kwa maandishi au kwa mdomo mapema iwezekanavyo, maana ajali isiyojulishwa ndani ya miezi 12 haki yake huanguka. Mwajiri naye ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi taarifa kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1, ambayo sehemu yake moja hujazwa na daktari; akipuuza, majeruhi aende mwenyewe kwa afisa wa kaunti, kwa kuwa afisa akipata habari ya ajali kwa njia yoyote ana wajibu wa kuichunguza. Stakabadhi zote ziwekwe, kuanzia ile ya bodaboda iliyompeleka zahanati kama inapatikana, kwa sababu katika madai ya fedha zilizotumika neno tupu halitoshi, na mahakama za Kenya zimeshika kwa ukali kanuni ya kwamba hasara ya namna hiyo itajwe bayana na ithibitishwe.

Na namna ya kudai? Nimeona watu wengi wakiharibu haki yao kwa ghadhabu ya siku ya kwanza, na wengine, ambao ni wengi zaidi, kwa haya. Mwenye machimbo pengine ni omogaka, yaani mzee, anayeheshimiwa, au ni mjomba wa mtu, na kumdai kunaonekana kama utovu wa adabu. Hakuna dosari katika kumwendea kwa taadhima, na mzee wa kijiji au naibu wa chifu akiwapo ni bora zaidi, Katiba ya mwaka 2010 yenyewe ikihimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Lakini mazungumzo hayo yafuatwe na barua fupi, isiyo na matusi wala vitisho, yenye tarehe na mahali pa ajali, kazi aliyokuwa akifanya, majina ya walioshuhudia, matibabu aliyopata, jumla ya fedha pamoja na nakala za stakabadhi, na ombi la kujibiwa kwa tarehe fulani; nakala moja ibaki nyumbani.

Yapo mazoea mabaya ninayotaka kuyataja waziwazi, nayo ni kumletea majeruhi karatasi kitandani, pamoja na shilingi elfu chache, atie sahihi kwamba hana dai tena. Mtu aliye katika maumivu, anayezuiwa kuondoka hospitali kwa sababu ya deni, atatia sahihi chochote. Basi ajue kwamba kwa mwajiriwa sheria inabatilisha mkataba wa kuyaacha mafao yake, na kwamba fedha alizopewa kwa huruma hazimalizi haki iliyosalia. Mwenye biashara kwa upande wake asiogope kwamba akilipa hospitali amekiri kosa, kwa kuwa katika sheria hii kosa halitafutwi. Alipe mapema, aandike alicholipa, kisha akidai kwa bima yake.

Mnunuzi au mtalii aliyeteleza katika karakana, au mtoto wa jirani aliyetumbukia katika shimo lililoachwa wazi, hana mwajiri wa kumdai, ila ana Sheria ya Dhima ya Wenye Kumiliki Mahali, Sura ya 34, inayomtaka anayeshika mahali achukue hadhari ya kadiri ili wageni wake wasidhurike, na akumbuke kwamba watoto hawana hadhari ya watu wazima. Bango la ilani husaidia tu ikiwa linamwezesha mgeni kuiepuka hatari kweli. Hapa uzembe lazima uthibitishwe, na sehemu ya kosa la majeruhi mwenyewe hupunguza anacholipwa. Muda wa kushtaki ni miaka 3.

Mwenye mlango mwembamba kuliko wote ni mchimbaji wa kujitegemea, anayekodi kipande cha shimo na kubeba mawe yake mgongoni. Kwake yeye dai linaweza kumfikia mwenye ardhi ikiwa ukuta ulioporomoka ulikuwa mikononi mwa mwenye ardhi, na zaidi ya hapo ni juu ya wachimbaji kujiunga. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, na kikundi kilichosajiliwa chaweza kununua bima ya ajali kwa pamoja kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi kuimudu.

Limebaki vumbi. Jeraha la panga lina tarehe na mashahidi, ila pafu lililodhurika kwa miaka mingi ya kuchonga na kusaga jiwe bila kinga halina siku ya ajali, na mgonjwa huweza kutibiwa kikohozi mara kadhaa bila kuulizwa anafanya kazi gani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini inayahesabu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Kwa hiyo mchongaji au mpiga msasa anayekwenda hospitali kwa kifua amwambie daktari kazi yake na miaka aliyoifanya, na aombe iandikwe katika faili lake siku hiyo hiyo.