Je, Riwaya za Mapenzi na Maajabu Zinatupotosha?

Hapa shuleni riwaya za vijana zenye maajabu na mapenzi huzunguka kutoka dawati hadi dawati mpaka jalada linang'oka. Wako wazazi wasemao kwamba ni uchawi mtupu, na wako wasemao kwamba zinawaharibu wasichana. Mimi nimezisoma, na hapa nitaeleza nilichokiona ndani yake.

Kwanza, maajabu vitabuni si jambo geni kwetu. Mnamo mwaka wa 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze. Humo ndugu wawili wanamtosa Adili baharini kwa sababu ya wivu, kisha jini anawageuza kuwa manyani. Sijasikia mtu akisema kitabu hicho kinafundisha uchawi! Nionavyo mimi, manyani wale ni wivu uliopewa mkia ili tuuone kwa macho. Hiyo ndiyo kazi ya maajabu: kulitoa nje lililojificha moyoni.

Pili, tutazame mapenzi. Katika Twilight ya Stephenie Meyer (2005), msichana Bella anampenda Edward, mnyonya damu aliyebaki na sura ya miaka 17 tangu mwaka wa 1918. Nampa Edward haki yake: ana kiu ya damu ya Bella lakini anajizuia. Hata hivyo, huingia chumbani mwa Bella usiku kumtazama akilala, naye Bella hana habari. Wasichana wa darasa letu wakifika hapo husema, "Huyo ndiye mwanamume!" Jamani! Hebu mwondoe yale meno na ule uzuri wake, anabaki nani? Ni mtu aliyeingia chumbani bila ruhusa. Angekuwa kijana wa mtaani kwetu, si tungepiga mayowe mpaka Nyumba Kumi nzima iamke?

Tatu, kuna Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018), Mmarekani ambaye wazazi wake wanatoka Nigeria. Mfalme Saran aliwaua waganga, akiwemo mama yake Zélie. Watoto wa waganga, ambao wana nywele nyeupe, wanatozwa kodi nzito na kudharauliwa. Mwana wa mfalme, Inan, anatumwa kumwinda Zélie. Njiani anagundua kwamba yeye mwenyewe ana nguvu zile zile anazozichukia. Wanakutana ndotoni, wanapendana. Lakini Inan anamwogopa baba yake, tena anaiogopa nafsi yake, kwa hivyo anayumba huku na huku. Zélie anakamatwa na kuteswa, na mapenzi ya Inan hayamwokoi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa hasira. Inan hakuwa mwongo, alimpenda kweli. Kumbe mtu anaweza kukupenda kweli na bado asikufae!

Sasa mtazameni dada yake, Amari. Baba ni yule yule na hofu ni ile ile. Lakini mfalme alipomuua Binta, mtumishi aliyekuwa rafiki yake, Amari aliiba ile hati ya kale yenye uwezo wa kurudisha uganga, akatoroka nayo. Hapo hapana busu wala ndoto, bali kwangu hayo ndiyo mapenzi makubwa kuliko yote kitabuni. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa nini nayasema haya? Sisi wa shule ya kutwa hatuna ukuta wa bweni. Asubuhi na jioni tunakutana njiani na watu wa kila aina, na maneno matamu tunayasikia bure. Msichana aliyezoea kumuuliza Edward, "Nani kakupa ruhusa?" hatashindwa kumuuliza hivyo mtu wa njiani. Na mvulana akimsoma Inan, ajiulize yeye angesimama upande gani.

Kwa kumalizia, ninawaomba walimu wetu wasitunyang'anye vitabu hivi. Watupe kipindi kimoja cha chama tuvijadili kwa Kiswahili, tubishane, tukosoane. Nanyi wenzangu, msisome kwa kulia tu. Kila mpenzi wa kitabuni mpimeni kwa swali moja: siku mambo yalipokuwa magumu, alifanya nini?