Kufundisha Uchunguzi kwa Gari Lililoingia Maji

Kila mwaka wanachuo wanaorudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Mbulu na Hanang hutueleza shida ile ile: somo la Sayansi lataka uchunguzi, na shule haina maabara. Shida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, katika miezi ya mvua, zana kubwa ya uchunguzi aghalabu huwa imesimama kando ya barabara, boneti wazi, na watu sita wakibishana juu yake. Ni gari lililoingia maji. Katika makala hii twakusudia kueleza jinsi kasoro za umeme na za giaboksi zitafutwavyo katika gari la namna hiyo, na jinsi mwalimu wa darasa la tano au la sita awezavyo kuutumia utaratibu huo kumzoeza mtoto kutafuta chanzo cha jambo badala ya kukisia.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukienda kuwakagua wanachuo katika shule za upande wa Haydom. Tulipokwisha kuipita Dongobesh tulikuta korongo limejaa, nasi tukaamua kuvuka. Gari likazimika katikati, maji yakiwa yamepita ekseli. Wanakijiji walitusukuma, tukangoja saa moja, likawaka. Tukafurahi na kuendelea na safari. Wiki ile ile taa za nyuma zikaanza kuchezacheza, na betri ikawa inakufa usiku. Fundi tuliyempelekea alibadilisha betri, kisha altaneta, kisha akarudi kwenye betri. Wiki ya tatu giaboksi ikaanza kulia. Ilipofunguliwa, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na beringi zimekwisha. Gari lililala muhula mzima, na baadhi ya wanachuo walimaliza mazoezi bila kuonwa na mkufunzi hata mara moja. Fundi yule hakuwa mvivu, wala sisi hatukuwa wabahili. Sote tulikosa utaratibu.

Swali la kwanza katika utaratibu huo ni hili: maji yalifika wapi? Gari lenyewe hujibu, kwa kuwa tope huacha mstari milangoni. Maji yakiishia kwenye vikombe vya magurudumu, mashaka yetu huwa juu ya breki, beringi za magurudumu na difu. Yakifika sakafuni, twaongeza giaboksi, stata na viungo vya nyaya vilivyo chini ya zulia. Yakifika kwenye injini, ufunguo usizungushwe kabisa, maana huenda maji yamo ndani ya silinda. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na sindano: ukiziba mdomo wake kwa kidole, hewa iliyomo hubanika, lakini maji hayabaniki. Pistoni ikiyasukuma maji yasiyobanika, mkono wake hupinda. Kwa hiyo, kabla ya lolote lingine, waya wa hasi wa betri hufunguliwa, na kila mtu huweka mikono mbali na ufunguo.

Sasa tuje kwenye umeme. Maji safi hupitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya korongo yamebeba udongo na chumvi, na nchi ya Hanang ina chumvi ya kutosha. Watoto wa karibu na Ziwa Balangida hawahitaji kuelezwa. Ili kuonyesha tofauti hiyo, tia maji ya mvua katika kikombe kimoja na maji ya chumvi katika kingine, kisha unganisha betri tatu za tochi na kitaa kidogo chekundu cha LED, huku ncha mbili za waya zikizamishwa katika kikombe. Twatahadharisha kwamba balbu ya kawaida ya tochi huenda isiwake, na mwalimu asiyejaribu mapema ataaibika mbele ya darasa. Ncha za waya zisigusane, la sivyo kitaa kitaungua. Zikiachwa katika maji ya chumvi, ncha moja itaanza kulika na kugeuka rangi. Katika gari mambo ni hayo hayo: maji hukauka, lakini tope lililoingia katika kiungo cha waya hubaki likishika unyevu, na baada ya wiki kadhaa kutu ya kijani huziba njia ya umeme. Ndiyo sababu kiungo kilichoingia tope huoshwa kwanza kwa maji safi, ndipo kikaushwe. Wanachuo husitasita wakisikia kwamba kitu kilichoharibiwa na maji kioshwe kwa maji, na kusitasita kwao ni mwanzo mzuri wa mjadala.

Kasoro tunayoipenda kuliko zote kwa kufundishia ni ile ya taa za nyuma. Dereva akikanyaga breki, taa ya breki huwaka kwa unyonge, na indiketa ambayo hakuna aliyeigusa humemeteka pamoja nayo. Waulize watoto sababu. Karibu wote watasema balbu ni mbovu. Usiwakatalie. Waulize: balbu ikiwa mbovu, kwa nini jirani yake awake? Mchoro wa ubaoni utasaidia. Umeme hutoka kwenye betri, hupita katika balbu, kisha hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari, kupitia waya wa ethi. Waya huo ukiliwa na kutu, umeme hukosa njia yake ya kurudia, nao hupenya katika balbu ya jirani ili kutafuta njia nyingine. Dhana hii huthibitishwa kwa jaribio moja: waya wa akiba hutolewa kutoka kwenye fremu ya taa hadi kwenye bolti safi ya bodi. Taa zikitulia, chanzo kimepatikana, wala hakuna kilichonunuliwa. Hapa darasa limejifunza dalili, dhana na jaribio bila mwalimu kuyataja maneno hayo. Mwalimu ayataje mwishoni, yakiwa tayari na maana.

Betri inayokufa usiku huhitaji subira zaidi. Katika gari la zamani lisilo na kompyuta nyingi, swichi zote huzimwa, kisha balbu ya kupimia hufungwa kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake. Ikiwaka, umeme unavuja mahali fulani. Fyuzi huchomolewa moja moja na kurudishwa; ile inayoizima balbu ndiyo inayoonyesha njia ya kufuata. Lau fundi wetu angalifanya hivyo, tungalinusuru bei ya altaneta. Tusisitize maneno ‘moja moja’. Mtoto akichomoa fyuzi tatu kwa pamoja na balbu ikazimika, hajajua kitu.

Giaboksi ina siri ambayo hata madereva wazoefu hawaijui. Huwa haijazibwa kabisa. Ina kitundu cha kupumulia, kwa sababu hewa iliyomo hupanuka inapopata moto. Gari lililotoka kupanda mlima huwa na giaboksi ya moto. Likiingia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia kitundu hicho au kupitia sili. Difu hupatwa vivyo hivyo. Jaribio lake halina gharama: suuza chupa kwa maji ya moto, imwage, kisha uizamishe mdomo chini katika beseni la maji baridi. Maji yatapanda ndani ya chupa mbele ya macho ya watoto. Hilo ndilo lililotupata katika korongo, na laiti tungalilegeza bolti ya kumwagia oili asubuhi iliyofuata, tungaliona. Gari likilala usiku kucha, maji yasiyochanganyika hukaa chini ya oili nayo hutangulia kutoka. Yaliyokwisha kuvurugwa na gia huipa oili ile rangi ya maziwa. Katika hali zote mbili oili humwagwa yote na kuwekwa mpya kabla ya safari. Giaboksi ya otomatiki haina uvumilivu hata huo, kwani sahani zake zimegandishwa kwa gundi ambayo maji huiharibu.

Si kila gia inayokataa kuingia ni kosa la giaboksi. Gari lililoloa na kusimama siku nyingi, sahani ya klachi huweza kugandamana kwa kutu. Basi jaribu gia injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka. Zikiingia kwa urahisi injini ikiwa imezimwa, na zikakataa inapowaka, mtuhumiwa ni klachi. Aidha, gari la otomatiki linalong’ang’ania gia moja baada ya kuloa huenda lina plagi ya waya iliyoingia maji tu. Kwa hiyo umeme hukaguliwa kabla ya giaboksi kushushwa, ingawa macho ya wengi hukimbilia penye chuma kikubwa.

Kuna jambo ambalo mwanachuo apangwaye Hanang hana budi kulifikiria kabla ya kuandika andalio la somo. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Nyumba, maduka na magari vilifukiwa. Darasani huenda mkawamo watoto waliofiwa siku hiyo. Twashauri mwalimu asiitumie picha ya gari lililofukiwa kuwa kichocheo cha somo, hata kama ndiyo picha inayofaa kuliko zote. Aanze na korongo, au na pikipiki iliyoloa. Mtoto akiitaja Katesh kwa hiari yake, asikilizwe mpaka amalize, na somo la fyuzi lingoje.

Tahadhari nyingine ni za kawaida, lakini zisemwe. Watoto wasiingie chini ya gari. Wasiiguse betri, kwani ina asidi, na gesi yake hulipuka kwa cheche. Magari ya haibridi yenye nyaya nene za rangi ya machungwa yasiguswe na mwalimu wala mwanafunzi. Hayo yana umeme unaoua.

Katika kupima maendeleo, tumezoea kuwapa watoto dalili moja katika karatasi na kuwataka waandike mambo mawili: chanzo wanachokidhania, na jaribio ambalo lingeonyesha kwamba wamekosea. Mtoto aandikaye ‘betri’ bila jaribio hupata nusu ya alama, hata kama kweli ni betri. Wazazi wawili wamekwisha kuja kulalamika juu ya alama hizo, na mmoja wao alikuwa fundi.