Picha nayo ni lugha: Siri ya tarakimu katika matangazo ya albamu za Adele

MIAKA michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa uzamili alinijia na ukurasa aliouchana kutoka kwa jarida la muziki la Uingereza. Lilikuwa tangazo la albamu ya mwanamuziki Adele. "Mwalimu, nataka tasnifu yangu ihusu hili," akasema. Niliutazama ukurasa, nikahesabu maneno: hayakufika ishirini. Nikamjibu, "Binti yangu, hii ni picha. Sisi tunashughulikia lugha. Nenda ukaandike kuhusu methali."

Leo nakiri kwamba nilikosea. Tena nilikosea mara mbili, kama nitakavyoeleza.

Hebu tuanze na ukurasa wenyewe. Albamu hiyo, 21, ilitoka mwaka wa 2011. Kama ilivyo desturi ya matangazo ya albamu, hili lilirudia picha ya jalada: uso wa Adele kwa karibu, kwa rangi nyeusi na nyeupe, amefumba macho, mkono uko kichwani. Hakuna vito, hakuna jukwaa, hakuna wacheza densi. Kuna jina na tarakimu.

Mfaransa Roland Barthes, katika insha yake maarufu ya mwaka wa 1964, alichanganua tangazo la tambi lililochapishwa jaridani. Alionyesha kuwa picha moja hubeba maana nyingi, na kazi ya maneno machache yanayoiandama ni kuitia nanga isielee ovyo. Katika tangazo la Adele, nanga ni 21, umri wake alipokuwa akiiandaa albamu hiyo. Ghafla uso ule si wa mrembo tu. Ni wa msichana wa miaka 21 anayewaza. Rangi nyeusi na nyeupe nazo zinatukumbusha picha za kale na waimbaji wa zamani. Tangazo halisemi popote kwamba mwimbaji huyu ni mkweli wa moyo. Sisi wenyewe ndio tunaosema.

Hapo ndipo penye nguvu yake. Dai lililotamkwa unaweza kulipinga. Lile ulilojiambia mwenyewe utalipingaje?

Gunther Kress na Theo van Leeuwen, katika kitabu chao cha mwaka wa 1996 kuhusu sarufi ya picha, wanatofautisha picha inayomtazama msomaji na isiyomtazama. Ya kwanza inamdai jambo. Ya pili inajitoa tu ili itazamwe. Katika 21, macho yamefumbwa: tunamchungulia mtu aliye peke yake na huzuni yake. Katika 25, albamu ya mwaka wa 2015, uso ni ule ule na tarakimu ni ya aina ile ile, lakini macho yanatutazama moja kwa moja. Ni kana kwamba anatuuliza, "Mlinisubiri?"

Wanafunzi wa fasihi wanaijua mbinu hii. Ni takriri: uso, jina, umri, uso, jina, umri. Na takriri ikikolea, huzaa mbinu nyingine, mdokezo. Oktoba 2015, tangazo la runinga nchini Uingereza lilionyesha maneno meupe ya wimbo kwenye giza huku sauti ikisikika. Jina halikutajwa, lakini watu walimtambua papo hapo. Mwaka wa 2021, mabango na kuta za majengo katika miji mbalimbali zilionyesha tarakimu 30 pekee. Mashabiki wakamaliza sentensi wenyewe.

Sasa, mpenzi msomaji, mimi nikikuambia "Asiyesikia la mkuu…" kisha ninyamaze, si utaongezea "huvunjika guu"? Mdokezo wa methali hufanya kazi kwa sababu jamii imeirudia methali hiyo vizazi na vizazi. Matangazo ya Adele yalijenga mazoea kama hayo kwa miaka 13, tangu albamu ya 19 mwaka wa 2008. Hilo ndilo kosa langu la pili: nilimfukuza mwanafunzi aende kwenye methali, kumbe alikuwa tayari amezifikia kwa njia nyingine.

Kuna funzo hapa kwa wasanii wetu chipukizi. Ukiiga kimya cha Adele kabla hujajulikana, bango lako litakuwa kitendawili kisicho na mteguaji. Anza na takriri: rangi ile ile, mwandiko ule ule, mwaka baada ya mwaka. Kwetu wasomaji, funzo ni kujihadhari. Mwakani mwanasiasa akibandika uso wake ukutani bila maneno, usiseme hajasema kitu. Jiulize umejiambia nini.

Mwanafunzi wangu alitii, akaandika kuhusu methali, akahitimu vizuri. Ukurasa wake aliusahau mezani pangu, na bado ninao. Akisoma makala haya, na aje auchukue. Nitamtayarishia chai, na samahani.