Nauli ya Kupeleka Hoja Ulaya

Kihoto ni jina la mtaa wa Naivasha. Kwa Kikuyu maana yake ni hoja ya haki. Mwaka 1929 hoja ya ardhi ilihitaji nauli ya meli. Wanachama wa Kikuyu Central Association walichanga fedha, na mwezi Februari katibu wao, Johnstone Kenyatta, akapanda meli Mombasa. Alifika London mwezi Machi.

Mwaka 1959, kwa jitihada za Tom Mboya, wanafunzi 81 walivuka Atlantiki kwa eropleni ya kukodi. Wafadhili wa Marekani walilipa nauli, na jamaa nyumbani wakachanga masurufu.

Basi asafiriye kwa fedha za wenzake na ajue kwamba ana deni la kurudi na jibu.