Wimbo Unaolifaa Koo Lako

Tangu 2014, tamasha la Tumaini limewapa wasanii wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, jukwaa kubwa. Hata hivyo, nje ya majukwaa kama hilo, mwanamke wa kawaida anayeimba vizuri jikoni huweza kunyamaza akipewa maikrofoni ya karaoke, na naamini kosa mara nyingi ni la wimbo, si la sauti yake. Wimbo wa mwanamume aghalabu huwa chini mno kwa koo la mwanamke. Akiupandisha kwa oktavu nzima, kiitikio kinamshinda. Dawa ni kubadili kii, yaani kuushusha au kuupandisha wimbo kidogo, jambo ambalo mashine nyingi huruhusu, au kutafuta wimbo wenye noti zilizokaribiana, maneno yanayojirudia na kiitikio ambacho ukumbi mzima utakidaka. "Jambo Bwana" ya bendi ya Kenya ya Them Mushrooms, ya 1982, ina hayo yote. "Malaika" ni tamu, ila ni ya polepole na kila pumzi inasikika. Isiwe ya kwanza.

Wako watakaosema kuchagua wimbo mwepesi ni woga. Siafiki; kuifuata sauti yako si woga. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliimba kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, bila kuilainisha, na 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX. Dada, iwe Chilinde, jijini Lilongwe, au Dzaleka, anza na wimbo uliouimba tangu utotoni.