Kijahazi cha sebuleni si pambo tu

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho baadhi yetu tunacho nyumbani, na wengine tumekiona katika ofisi za wakubwa, juu ya kabati au kando ya televisheni. Nacho ni kijahazi cha mbao, chenye mlingoti wake, tanga lake na kamba zake.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kimoja nikakiweka sebuleni. Siku moja akaja kunitembelea mjomba wangu, mtu aliyeanza ubaharia tangu ujana wake. Akakitazama, akavaa miwani, akakitazama tena. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, chombo hiki kinakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba hakiendi popote, ni pambo tu. Akasema, "Naam. Hata kingetaka kwenda, kisingeweza."

Akanionyesha makosa matatu. La kwanza, mlingoti ulikuwa umelalia nyuma, ambapo mlingoti wa jahazi huinama kidogo kuelekea mbele, upande wa omo. La pili, foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, ilifungwa kinyume. Ncha yake ya mbele hukaa chini, karibu na omo, na ile ya nyuma ndiyo inayopanda juu. Yangu ilikuwa imeinua pua kama ndovu. La tatu, kamba zilikuwa nene mno. Kama zingekuzwa kulingana na chombo chenyewe, zingekuwa nene kama paja la mtu.

Huenda msikilizaji ukasema, "Sasa hayo yana dhara gani? Si kitu cha kutazama tu?" Mimi pia niliwaza hivyo, mpaka nilipokumbuka habari za mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu, hasa visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake halikuwa la kitambaa bali la mkeka, tena la pembe nne, na omo yake ilichomoza mbele kama shingo na kichwa cha mnyama. Ufundi huu wa kushona vyombo ni wa kale sana. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta, huku kwetu Afrika Mashariki. Lakini kufikia katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imekwisha. Leo haupo hata mmoja wa asili uliosalia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipojengwa upya mtepe mzima huko Unguja na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, mafundi hawakuwa na mtepe wa zamani wa kuushika na kuupima. Kilichobaki duniani kilikuwa picha, maandishi ya watu waliouona, na mifano midogo ya mbao kama ile iliyomo katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Hebu tufikiri: kama waliochonga mifano ile wangekuwa kama fundi aliyechonga kijahazi changu, tungejua nini leo? Picha huonyesha upande mmoja tu. Mfano unaweza kuuzunguka, kuuchungulia ndani na kuupima. Ukiwa wa kweli, ni shahidi. Ukiwa wa uongo, utawadanganya wajukuu.

Basi, mfano wa kweli hutengenezwaje? Jambo la kwanza ni kipimo. Fundi hupima chombo chenyewe, kisha hupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja. Tuseme jahazi lina urefu wa meta 15, naye ameamua kugawa kwa 25. Mfano utakuwa na sentimita 60. Mlingoti wa meta 10 utakuwa sentimita 40. Ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu utakuwa milimita 1 tu, na kamba ya unene huohuo itakuwa uzi wa milimita 1. Nahodha mwenyewe hatafika sentimita 7. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ndipo wengi wanapoiacha hesabu na kukisia kwa macho.

Jambo la pili ni mwili wa chombo. Wapo wanaochonga kipande kimoja cha mti na kukikomba ndani. Njia hii ni ya haraka, na kwa umbo la nje yaweza kufaa. Lakini anayetaka kuonyesha jinsi jahazi linavyojengwa hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, ambayo ni kama mbavu za chombo, kisha akayavika mbao moja baada ya nyingine. Mbao hizo hulowekwa katika maji ya moto ili zikubali kupinda bila kuvunjika. Tanga hushonwa kwa kitambaa chembamba, na wengine hukichovya katika chai ili weupe wa dukani upungue.

Jambo la tatu ni kukiweka. Kijahazi hakipendi jua la dirishani, maana mbao hukauka zikapasuka na tanga likachakaa. Hakipendi unyevu, na fukusi wanakipenda kuliko wewe. Kikalishe juu ya vishikizo viwili chini ya mkuku, ndani ya sanduku la kioo ukiweza. Usikibebe kwa kushika mlingoti. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, si kwa kitambaa, kwani kitambaa hunasa kamba na kuzikata.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: andika karatasi uiweke pamoja nacho. Andika ni chombo cha aina gani, kilipimwa kutoka chombo kipi, kwa kipimo gani, kwa mti gani, mwaka gani, na jina la fundi. Mara nyingi majina ya mafundi wetu hupotea, hali kazi zao bado zinatazamwa.

Majahazi ya matanga bado yapo pwani, na huko Lamu, katika kijiji cha Matondoni, ujuzi wa kuyaunda haujafa. Maana yake ni kwamba wapo bado wa kuwauliza. Mtepe ulipokuwa ukitoweka, ni wachache waliojishughulisha kuupima. Tusingoje jahazi nalo lifike huko.

Mimi kijahazi changu sikukitupa. Mjomba alikaa nacho barazani alasiri nzima, akafungua kamba, akaigeuza foromali na kuuinamisha mlingoti. Kamba nene tulizibadilisha kwa uzi. Jina la aliyekichonga silijui, kwa kuwa siku ile sokoni sikuuliza. Wewe ukienda kununua, uliza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.